Seva ya Dukani Isidharauliwe
Ingia duka lolote kubwa la vipuri Gerezani, pembeni mwa Kariakoo, uangalie chini ya meza ya keshia. Mara nyingi utaikuta seva inanguruma, imefunikwa kitambaa kuzuia vumbi (kosa hilo, maana inahitaji hewa). Ndiyo inayotunza bei na hesabu ya mzigo. Kompyuta za mbele na ya stoo huiuliza tu kupitia waya. Huo ni mtandao wa ndani. Mwenye matawi Mwanza na Mbeya anahitaji mtandao mpana, na seva yake ikiwa ng'ambo, anategemea nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Katika hali kama ile, mwenye seva dukani bado anaiona bei na anauza; ambaye kila kitu chake kiko ng'ambo hubaki akitazamana na mteja. Lakini tusisahau Soko Kuu la Kariakoo lilivyoungua Julai 2021: duka likiungua, seva iliyomo nayo huungua. Ndugu zangu wa Kariakoo, seva muwe nayo dukani, na nakala yake ilale jengo jingine.