Achari Ipikwe Jikoni Mwetu

Chupa za achari kutoka nyumbani zimekatazwa mabwenini, kwa kuwa zilileta siafu na ugomvi. Sababu hiyo ni ya haki, sibishani nayo. Lakini embe mbichi huanguka na kuozea nyuma ya bwalo, na sisi twala maharagwe matupu juma zima, wengine wakiyaacha sahanini na kukimbilia maandazi dukani. Je, jiko letu lashindwa na nini?

Kazi yenyewe si kubwa. Embe kilo 2 humenywa, zikakatwa vipande vyembamba, zikatiwa chumvi na kulazwa usiku mmoja. Asubuhi maji humwagwa, kisha hutiwa sukari kilo 1, siki nusu lita, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, na pilipili kavu (kiasi chake watu wa pwani na wa bara hawapatani kamwe). Hupikwa kwa moto mdogo mpaka rojo iwe nzito. Sufuria ya alumini haifai, maana uchachu huila. Itafutwe ya chuma kisichoshika kutu. Chupa nazo zichemshwe kwanza. Siki na sukari ndizo zizuiazo kuoza.

Wako watakaosema sukari ni ghali. Kweli, lakini kijiko kimoja chatosha sahani nzima, na fedha tuzitoazo kwa maandazi zingeinunua. Sisi wa Kidato cha Nne tu tayari kuokota na kumenya Jumamosi yo yote, tukipewa ruhusa na sufuria.