NESI ANAONGEA: Ufunguo wa kabati la dawa na nywila ya kompyuta ya kanisa

Leo siongelei uji wala chanjo. Naongelea kompyuta ya pale mapokezi kwenye zahanati ya kanisa. Najua mtasema, "Nesi, mambo ya kompyuta si waachie mafundi?" Subirini kidogo, maana ndani ya ile kompyuta mmo nyie na watoto wenu.

Ukija hudhurio la kwanza la ujauzito tunakupima VVU na kaswende. Tunakuuliza umebeba mimba ngapi, ngapi ziliharibika, nyumbani unaishi na nani. Mtoto akizaliwa tunaandika uzito, chanjo, na dawa zinazomdhuru. Zamani yote hayo yalikuwa kwenye rejista. Siku hizi vituo vingi vinaandika kwenye kompyuta pia. Na kwenye vituo vidogo, kompyuta hiyo hiyo asubuhi inasajili wagonjwa, mchana katibu anachapa matangazo ya Jumapili, jioni vijana wa kwaya wanachomeka flashi kuhamisha nyimbo. Simlaumu mtu, vifaa ni vichache. Ila kuna jambo moja halihitaji pesa, na ndilo msimamo wangu leo: nywila ya msimamizi wa kompyuta itunzwe kama tunavyotunza ufunguo wa kabati la dawa kali.

Nieleze kwa wasiojua. Kompyuta ina akaunti za aina mbili. Ya kawaida ni ya kufanyia kazi: kuandika, kusajili, kuchapa. Ya msimamizi, wengi tunaiita admini, ndiyo yenye nguvu zote: kuweka programu na kuzitoa, kufungua akaunti za watu na kuzifuta, kubadilisha nywila za wengine, hata kuingia kwenye mafaili yao. Mwenye nywila ya admini ndiye mwenye nyumba.

Sasa angalia wodini tunafanyaje. Morfini na pethidini zinakaa kwenye kabati lenye kufuli. Ufunguo unakaa kwa mkuu wa zamu. Ampuli ikitoka inaandikwa ni ya mgonjwa gani, kiasi gani, nani katoa, nani kashuhudia. Zamu ikibadilika tunahesabu pamoja na kusaini. Sijawahi kuona nesi kanuna kwamba ameitwa mwizi. Tunajua utaratibu ule unamlinda mgonjwa, na sisi unatulinda.

Kwenye kompyuta nimeona makosa mawili, tena yanapingana.

La kwanza: wote wanaijua. Nywila ni jina la mtakatifu wa parokia na 123 mbele yake, imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni ya skrini, na kila mtu anaingia kwa admini hiyo hiyo. Hapo flashi ya wimbo ikiwa na kirusi, kirusi kinapata nguvu za akaunti iliyo wazi, yaani nguvu zote. Na kumbukumbu zikibadilika hujui nani kabadilisha. Chukua mfano: mtoto ana kilo 8, mtu kaandika 28. Parasetamo kwa miligramu 15 kwa kilo moja, mtoto huyo anastahili miligramu 120. Anayesoma ile 28 anapata 420. Nesi makini atamtazama mtoto na kushtuka, lakini usalama wa mwanao usitegemee nesi kushtuka. Na tukiuliza nani kaandika, kompyuta inajibu "admini". Admini ndo nani? Watu saba.

La pili: anaijua mmoja tu. Mara nyingi ni kijana mzuri wa kujitolea, yule anayefunga vipaza sauti kanisani. Akapata kazi mkoa mwingine, akabadilisha laini, basi. Jumatatu asubuhi printa mpya inataka nywila ya admini, hakuna aliye nayo, na akina mama wako kwenye benchi na watoto mgongoni. Kibaya zaidi, masasisho ya usalama yakihitaji admini nayo yanakwama. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilivuruga hospitali za umma za Uingereza, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Kilipita kwenye tundu la Windows ambalo dawa yake, yaani sasisho, ilikuwa imetoka tangu Machi mwaka ule. Kompyuta nyingi zilikuwa hazijawekewa.

Nikisema haya kanisani jibu huwa moja: "Nesi, sisi ni familia ya Mungu, tunafichana nini?" Naomba tuangalie sadaka. Baada ya ibada nani anaihesabu peke yake chumbani? Wanakaa watu kadhaa, wanahesabu, wanaandika, wanasaini. Hakuna anayesema wazee wa kanisa ni wezi. Kama noti za sadaka zinastahili heshima hiyo, majibu ya VVU ya binti wa miaka 19 yanastahili zaidi. Noti ikipotea itachangwa nyingine. Siri ikishafika kwenye jumuiya, hairudi.

Na sheria ipo. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya na za watoto zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 nayo inataka majibu ya kipimo yawe siri. Msalaba ukutani haututoi kwenye wajibu huo. Mimi naona unatuongezea.

Kifanyike nini? Mambo yenyewe ni haya:

1. Kila mtumishi awe na akaunti yake ya kawaida, kwa jina lake. Katibu na kwaya nao wawe na yao, isiyofungua mafaili ya wagonjwa.

2. Admini ifunguliwe kwa kazi ya admini tu, kisha ifungwe. Waijue watu wawili: mganga mfawidhi na mtumishi mwingine mmoja. Fundi wa kujitolea afanye kazi mmoja wao akiwa pale.

3. Nakala iandikwe kwenye karatasi, itiwe kwenye bahasha, isainiwe juu ya gundi, ifungiwe kwenye sefu. Ikifunguliwa, iandikwe nani, lini, kwa nini, na nywila ibadilishwe.

4. Nywila iwe ndefu. Maneno manne yasiyohusiana ni rahisi kukumbuka na magumu kubahatisha. Si lazima kuibadilisha kila mwezi. Hata taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, tangu 2017 iliacha kushauri hivyo, kwa sababu watu huishia kuongeza namba mwishoni. Ibadilishe mtu anapoondoka au ikivuja.

5. Ukinyanyuka kwenye kiti, funga skrini. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L. Ni sekunde moja.

Gharama yake ni bahasha na kalamu.

Nawe mama, usikae kimya. Siku ya kliniki uliza kwa upole: "Taarifa zangu anaziona nani? Kompyuta hii anaitumia nani mwingine?" Nesi mzuri hatakasirika. Akikosa jibu, umempa hoja ya kupeleka kwa mfawidhi. Na mliomo kwenye baraza la parokia, WAWATA, au umoja wa wanawake wa usharika wenu, liwekeni kwenye ajenda kabla hamjanunua kompyuta nyingine. Mashine mpya yenye karatasi ile ile pembeni ya skrini haijatusaidia kitu.

Post ijayo tutaongea kuhusu simu ya baba ambayo watoto wote wanajua kuifungua. Mbaki salama.