Hakuna kitu kama "tunapima tu"

Wasee, kama umewahi kupanda matatu kutoka Mombasa kwenda Malindi, umepita Arabuko-Sokoke, labda ukiwa usingizini. Ni ule msitu ulio kushoto kabla ufike Gede. Una karibu kilomita 420 za mraba.

Ndani yake kuna ndege mdogo, mnana wa Clarke. Mgongo mweusi, tumbo manjano. Dunia nzima anapatikana kaunti moja tu: Kilifi. Hata kiota chake watafiti walikiona mara ya kwanza 2013, kule Dakatcha.

Mwaka uliofuata, kampuni ya mafuta ya Marekani, CAMAC Energy, ilitaka kupima mafuta na gesi ndani ya Arabuko-Sokoke. Wenyeji walikataa, watu wa mazingira wakapiga kelele, na ule mpango wa msituni ukasimamishwa. Poa sana. Lakini kila tukiongea mafuta bado nasikia: "Si waache wapime kwanza? Kupima si kuchimba."

Zii. Kupima ni kupasua msitu kwa mistari iliyonyooka, kuingiza magari na mashine, halafu kutikisa ardhi ndio wasome mwangwi unaorudi kutoka chini. Wakimaliza wanaenda, njia inabaki. Na njia msituni haikai bure. Mwenye msumeno ataitumia, mchoma makaa ataitumia. Hata wakikosa tone moja la mafuta, mnana ameshapoteza miti.

"Na kazi je?" Swali ni halali. Vijana wa Kilifi wanahitaji doo kama sisi wa Nairobi. Lakini cheki Turkana: mafuta yalipatikana 2012, shehena ya kwanza kwenda nje ikatoka 2019. Hiyo ni miaka saba. Huku Sokoke, tangu 1993 mradi wa Kipepeo umewasaidia wanaoishi kando ya msitu kufuga vipepeo wa kuuzwa kwa maonyesho ng'ambo. Hiyo pesa inaingia tu miti ikiwa imesimama.

Sasa turudi kwetu. Katiba yetu, kifungu cha 70, inasema unaweza kwenda kortini kutetea mazingira bila kuonyesha kuna mtu ameumia. Hata kama unaishi Kayole na hujawahi kuona huyo ndege. Na kabla mambo yafike korti, kuna NEMA: ripoti ya athari kwa mazingira hutangazwa na umma hualikwa kutoa maoni. Shida yetu ni kuamka tingatinga likiwa limeshaingia, ndio tunaanza hashtegi.

Mimi niliacha campus, sina digrii ya ndege wala ya mafuta. Lakini barua pepe ya maoni haiulizi digrii. Tangazo lolote la kupima mafuta kwa msitu likitoka, nitaliweka hapa na tarehe ya mwisho. Yako ni kuandika mistari mitano na kutuma kabla hiyo tarehe ipite.