"DM kwa Lokesheni" Si Biashara, Ni Brikicho

Wacha niseme hii kitu, mnitukane baadaye kwa komenti. Ukiposti pilau yako na chini yake uandike "DM kwa bei, DM kwa lokesheni", hufanyi biashara. Unacheza brikicho na mteja wako, na hakuna mtu ako na wakati wa kukutafuta.

Mtu mwenye njaa saa saba mchana ako na pesa kwa M-Pesa na simu mkononi. Hatakuandikia "sasa, mko wapi?" kisha angoje ujibu saa kumi. Anafungua ramani, anatafuta chakula kilicho karibu, anaangalia nani amefungua, anaenda. Wewe unabaki na sufuria imejaa, halafu jioni unasema uchumi ni mbaya. Uchumi ni mbaya kweli, sikatai. Lakini huyo mteja alikuwa na pesa, na alipita mbele ya mlango wako.

Msimamo wangu ni huu: duka dogo la mtaani halihitaji wafuasi laki moja. Linahitaji watu mia mbili wanaoishi au kufanya kazi mahali wanaweza kufika kwa miguu. Programu za simu zinazojua mtu yuko wapi zinaifanya hiyo kazi vizuri kuliko bango, kuliko redio, na ndiyo, kuliko hata sisi watengeneza kontenti.

Najua naharibia wenzangu soko, lakini tuambiane ukweli. Mwenye saluni Githurai akimlipa mtu wa TikTok amposti, video itaonekana Kisumu, Eldoret, Malindi, na kwa Wakenya walioko Doha. Wataweka moto na mioyo. Sasa niambie, nani kati yao atapanda gari aje Githurai kusukwa? Pesa imeenda, wafuasi wameongezeka, viti bado vitupu. Wanaokuuzia "wafuasi 10,000 kwa bei poa" ndio wabaya zaidi, kwa sababu hao wafuasi hata hawana nywele.

Angalia vile ramani inafanya kazi. Kuweka biashara yako kwa Google Maps ni bure. Utaombwa kuthibitisha, mara nyingi kwa video fupi inayoonyesha duka na mtaa. Google wenyewe wanasema matokeo ya karibu yanapangwa kwa mambo matatu: biashara inalingana vipi na kile mtu anatafuta, iko umbali gani, na inajulikana kiasi gani. Hapo kwa umbali ndipo mdogo anaweza kumshika mkubwa. Supamaketi inaweza kununua mabango yote ya Thika Road, lakini haiwezi kununua zile dakika mbili kati ya duka lako na geti la ploti.

Matangazo ya Facebook na Instagram pia yanakuruhusu kuchora duara kilomita chache kuzunguka pini yako, na tangazo lionekane na walio ndani peke yao. WhatsApp Business, ambayo ilizinduliwa 2018, ina nafasi ya kuweka anwani, saa za kufungua na bidhaa. Watu wanajaza jina na picha ya profaili, wanaacha hapo. Kwani anwani inalipiwa?

Na sisi Wakenya tunaihitaji hii kitu kuliko wengi. Anwani zetu ni hadithi: "shuka steji ya pili, uliza watu wa boda, pita kanisa la mabati, ukiona maji taka umefika." Kibera ilikuwa karibu doa tupu kwenye ramani za mtandaoni mpaka 2009, wakati vijana wa huko walianza kuichora wenyewe kupitia Map Kibera. Ruti za matatu za Nairobi zilikusanywa kwa simu na wanafunzi, na ramani yake ikatoka 2014. Watu walitembea kwa jua ili mitaa yetu ionekane. Wewe unashindwa kuweka pini moja?

Kuna wale wataniambia, "watu wa mtaa wananijua." Wanakujua wa jana. Kila mwisho wa mwezi pikapu zinaleta wapangaji wapya na magodoro yao. Gesi ikiwaishia saa mbili usiku, hawajui wewe ndiye muuza gesi wa nyuma ya posho mill. Wanauliza simu. Simu ikikosa kukujua, inawapeleka kwa mwingine.

Sasa, kuna mahali nitakaa upande wa mteja bila huruma. Kupatikana na mteja ni kitu kimoja, kumfuata ni kingine. Kuna duka nililipia kitu mara moja, na tangu siku hiyo natumiwa SMS za ofa usiku wa manane. Sikuomba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtu dhidi ya kutumiwa matangazo kwa data yake bila idhini, na mahali mtu yuko ni data yake. Mahali inajua analala wapi, anasali wapi, anatibiwa wapi. Kwa hivyo duka liweke pini na lingoje kutafutwa. Ukitaka nambari ya mteja, muulize, na akikataa, muuzie tu sukari yake aende.

Pia wacheni kuita mabinamu wote waweke nyota tano usiku mmoja. Mteja akifika akute supu baridi, atakuandikia ukweli, na huo ukweli utakaa hapo ukisomwa na kila jirani.

Na usiweke mayai yote kwa programu moja. Foursquare ilianza 2009, watu wakawa wanajitangaza wamefika wapi, anayefika zaidi anaitwa meya wa hapo. Starbucks hata walikuwa wanapunguzia mameya dola moja kwa kinywaji. Ilionekana kama itatawala dunia. Desemba 2024 programu yake ya kuongoza watu mjini ilifungwa. Ramani ni njia ya kumleta mteja mlangoni. Kumfanya arudi ni chapati zako na vile unamsalimia.

Kwa hivyo leo, kabla ulipe mtu yeyote, hata mimi: weka pini mahali sahihi, si barabara ya pili. Weka saa za kweli, na ukifunga Jumapili sema unafunga. Weka bei. Weka picha ya mlango, kwa sababu mgeni anatafuta mlango, hatafuti logo. Jibu malalamiko kwa heshima. Hiyo kazi yote ni ya bando ya siku moja.

Halafu ufute "DM kwa lokesheni". Mwenye anabisha aje kwa komenti, na aje na lokesheni.