MKOKO HAUPENDI CHUMVI, UNAIVUMILIA TU

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii nimeielewa barabara mwaka huu, si darasani bali matopeni.

Sisi wa kidato cha tatu tulipanda miche ya mikoko na michu kwenye uwanda mtupu ulio juu ya mkono wa bahari, pale ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu. Wenzetu walitucheka: "Mnahangaikia nini? Mkoko si chakula chake ni chumvi!" Baada ya miezi mitatu miche ilidumaa, majani yakawa manjano, mingine ikafa. Hapo ndipo mkoko ulipoalika maua! Huyu alilaumu kaa, yule akalaumu mbuzi.

Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa letu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Pale juu jua hukausha maji, chumvi hubaki, ikazidi hata ile ya baharini. Sasa, mmea unahitaji nitrojeni ili utengeneze protini na ile rangi ya kijani ya majani. Lakini sodiamu ya chumvi hushindana na amoniamu mlangoni mwa mizizi, na kloridi hushindana na nitrati. Nitrojeni inayoingia ni haba, na hata hiyo haiendi yote kwenye kukua. Mchu hutumia sehemu yake kutengeneza glisini betaini, kitu kinachosaidia seli zisipoteze maji. Ni kama mzazi ambaye mshahara wake unaishia kwenye kodi ya nyumba. Karo itatoka wapi?

Najua kuna atakayenipinga kwamba mchu hutoa chumvi kupitia majani. Ni kweli, lamba jani lake utaionja. Lakini kazi hiyo nayo haifanywi bure. Kuvumilia si kupenda, ndugu zangu.

Rai yangu kwa walimu na wanafunzi ni hii: tusipande tena mradi tumepanda. Tupande pale maji yanapofika mara kwa mara. Vijito viletavyo maji baridi tusivizibe kwa taka. Na mikoko iliyokwisha kusimama tuilinde kwanza, kwani imesimama kwa gharama kubwa.

Mwenye masikio na asikie.