Usifiche Bei, Usifiche Jina

Siku hizi ukitaka abaya, pazia ama viti vya sebuleni hapa Galbet, huanzi kwa kwenda Soko Mugdi. Unaanza na simu: status ya WhatsApp, video ya TikTok, ukurasa wa Facebook. Hata mama wa maziwa ya ngamia anaweza kuandikia grupu asubuhi, na lita zikapata wenyewe kabla jerikeni hazijafika.

Hilo tunaliunga mkono. Lakini kuna tabia moja hatuipendi: picha safi, halafu "bei njoo inbox". Ukifika inbox unaambiwa utume pesa kwa namba ya mtu binafsi, na jina linalotokea halifanani kabisa na la duka.

Tuangalie soko letu la mifugo hapa Garissa. Muuzaji na mnunuzi mara nyingi hawajuani. Mmoja ametoka mbali na ng'ombe wake, mwingine amekuja na lori kutoka Nairobi. Anayewaunganisha ni dalali. Anamjua muuzaji, anaweza kusema mnyama si wa wizi, na kesho kukitokea shida ataulizwa yeye. Uaminifu unatangulia, pesa inafuata.

Kwenye simu dalali huyo hayuko. Wafuasi elfu kumi si dhamana, kwa sababu wafuasi hununuliwa. Skrinshoti za wateja walioridhika pia hutengenezwa. Kwa maoni yetu, kazi ya dalali inabaki kwa vitu vitatu: bei iliyo wazi, jina la biashara linalotokea ukilipa, na mtu anayejibu maswali.

Wengine watasema wanaficha bei kwa sababu jirani ataikata. Sawa, ushindani upo. Lakini hata kupatana bei kunaanza na bei. Mteja aliyechoka kuuliza anahamia kwa anayeandika.

Kama unauza:

- Weka bei na nambari yako ya till kwenye kila tangazo. Pesa ya biashara isichanganyike na ya nyumbani.
- Usitoe mzigo kwa sababu umeonyeshwa SMS kwenye simu ya mteja. Hakikisha pesa imeingia kwako.
- Namba ya aliyelipa si ya kutumiwa matangazo ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka akubali kwanza.

Kama unanunua:

- Soma jina kabla ya kukamilisha malipo. Likikutia shaka, simama hapo.
- Omba video fupi ya bidhaa yenyewe. Uliza duka liko karibu na nini, kisha umtume jirani akaangalie.
- PIN ni yako peke yako. Hakuna ofa wala mtu wa kampuni anayehitaji kuijua.

Anayekasirika ukimuuliza maswali mawili kabla ya kulipa, hatapokea simu yako ukidai pesa irudi.

Na kwa wenye biashara, tukumbuke tunaishi wapi. Hapa ukimdanganya mteja mmoja hujampoteza yeye peke yake: umepoteza dada zake, majirani zake na grupu lao lote la ayuuto. Habari hiyo itafika Bulla Iftin kabla hujafuta tangazo lako.