Tuanze na Hukumu

Tangu Jaji Augustino Ramadhani afariki dunia Aprili 2020, taazia hazijakoma kuingia katika ofisi yetu, na zote zinafanana: Brigedia Jenerali aliyevaa joho la jaji, mpiga kinanda wa kanisani, mzee asiye na makuu aliyepokea upadri wa Kianglikana baada ya kustaafu. Yote ni kweli. Lakini mtu aliyekuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar miaka ya 1980, kisha Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010, hapimwi kwa kinanda. Ndiyo maana niliwataka waandishi wa toleo hili waanze na hukumu. Mimi naanza na ile ambayo wasifu wake huirukaruka: shauri la Mwanasheria Mkuu na Mchungaji Christopher Mtikila, Juni 2010.

Safari ya madai yale, kwamba mgombea binafsi aruhusiwe, ni ndefu, na sina haja ya kurudi kwa Jaji Lugakingira, aliyempa Mtikila ushindi wa kwanza kule Dodoma. Jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani, Ramadhani akiliongoza, lilitengua ushindi alioupata Mtikila Mahakama Kuu mwaka 2006. Lilisema mahakama haina mamlaka ya kufuta ibara ya Katiba. Mgombea binafsi ni suala la kisiasa, Bunge liamue. Wapo wanaodai jopo liliiogopa serikali. Sikubaliani nao, na minong'ono ya kwenye korido za mahakama si ushahidi. Kinachonikera ni hoja yenyewe. Katika Bunge lile hapakuwa na mbunge wa jimbo hata mmoja aliyeingia bila tiketi ya chama, kwa sababu ibara iliyokuwa ikipingwa haikumruhusu. Kuwarudishia wabunge hao uamuzi ni sawa na kumwomba mwenye duka ampangishe mshindani wake barazani.

Tazameni kilichofuata. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha ilimpa Mtikila haki. Ramadhani alikuwa jaji wa mahakama hiyo, lakini hakuketi, kwa kuwa nchi iliyoshtakiwa ni yake. Wakati huohuo alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Jaji Warioba iliyoandaa rasimu ya Katiba mpya, na rasimu ya kwanza ya Tume, iliyotoka mwezi huohuo, iliruhusu mgombea huru. Miaka mitatu tu baada ya hukumu!

Wanaomtetea husema hapo hapana kigeugeu: alisema njia ni kubadili Katiba, na alipopata nafasi akaipita njia hiyo. Mwandishi wa makala ya pili anaijenga hoja hiyo vizuri kuliko nilivyotarajia. Kwangu inazidisha uzito wa kosa. Kama Ramadhani hakuona ubaya wowote kwa mgombea binafsi, basi mwaka 2010 kilichomzuia Mtikila ni imani kwamba mahakama yetu ni ndogo mbele ya Bunge, na imani hiyo ndiyo waliyorithi majaji waliofuata. Naye mwenyewe, alipoutaka urais mwaka 2015, alichukua fomu CCM. Nje ya chama angechukulia wapi?

Katika toleo hili, makala ya shauri la Mbushuu, ambamo mwaka 1995 yeye na wenzake walikiri kuwa adhabu ya kifo ni ya kikatili, kisha wakaiacha ibaki, inajitosheleza. Mahojiano kuhusu miaka yake ya Zanzibar yatawafaa wanahistoria.

Tukirudi kwa mgombea binafsi, kura ya maoni ya Katiba mpya iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa. Mtikila alifariki Oktoba mwaka uleule. Mwaka 2019 serikali iliondoa tamko lililowawezesha wananchi kufungua mashauri Arusha moja kwa moja. Mgombea binafsi bado hana nafasi katika Katiba yetu. Anayeona jopo la 2010 lilikuwa sahihi atuandikie. Kurasa za toleo lijalo ni zake, mradi awe ameisoma hukumu yenyewe.